Kabla ya Kumnunulia Majeruhi wa Moto Vidonge vya Zinki

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza amnunulie mumewe, aliyeungua kwa mafuta ya kupikia kifuani na mikononi, vidonge gani vya zinki. Swali hilo halijibiki kwa kutaja jina la dawa.

Nilimuuguza mdogo wangu baada ya kulipukiwa na jiko la mafuta ya taa, na kilichonishangaza kuliko vyote ni majimaji yaliyozilowanisha bandeji zake muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Daktari alinieleza kwamba majimaji hayo huondoka na protini pamoja na zinki, shaba na seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno lakini hauwezi kujenga ngozi bila hayo. Seli haziwezi kugawanyika vizuri zinki ikipungua. Shaba hukiwezesha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kinachofunganisha nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Seleni nayo imo katika vimeng'enya vinavyozikinga seli dhidi ya kemikali haribifu zinazoongezeka mwili unapojeruhiwa. Ndiyo maana mapendekezo ya lishe kwa walioungua vibaya, yaliyotolewa Ulaya mwaka 2013, yanataka madini hayo matatu yaongezwe mapema, na hospitalini huweza kupitishwa kwenye mshipa.

Walikuwapo ndugu waliofika wodini mikono mitupu wakinionya kwamba mayai yangemtia mgonjwa usaha. Bado maneno yao yananiuma. Niliendelea kumpelekea mayai, maini na dagaa, na maharage niliyaloweka usiku kucha, ili kupunguza fitati, kemikali ya asili iliyomo ndani yake inayozuia zinki isifyonzwe. Kazi kubwa ilifanywa na madaktari waliompandikiza ngozi, hilo silibishi, lakini leo anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe, nami nina haki ya kujivunia sufuria zangu.

Basi, ndugu zangu mnaouguza, acheni kukimbilia duka la dawa kila mnaposikia jina la madini. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, nanyi mtakuwa mnajenga huku mnabomoa. Marekani, kwa mfano, kikomo cha zinki kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni miligramu 40 kwa siku. Dada, muulize daktari mumeo ameungua asilimia ngapi ya mwili, kwa kuwa mapendekezo yale yanahusu majeraha makubwa. Kama jeraha lake ni dogo, anza na mayai na dagaa.