Picha na nyaraka zimetapakaa: anzeni na nywila

Pole ndugu. Unasema picha ziko kwenye simu tatu, vyeti vya watoto hujui viko kwenye barua pepe ipi, na nywila zote anazijua mumeo peke yake. Hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo, picha zitasubiri.

Kaeni wawili, mzihamishie nywila kwenye programu ya kuzitunza, mfano Bitwarden au KeePassXC. Nywila kuu, ile inayofungua programu hiyo, iandikeni kwa mkono, karatasi ifungiwe pamoja na vyeti halisi. Mimi nilikiamini kichwa changu, nikaisahau ndani ya mwezi! Kisha, kwenye akaunti ya Google, kila mmoja achague mtu atakayepewa data zake iwapo mwenyewe hataitumia akaunti kwa muda fulani, kati ya miezi 3 na 18. Apple nao wana utaratibu wa kumteua mrithi wa akaunti.

Nyaraka zipige skani, na jina la faili lianze na tarehe: "2024-03-15 cheti cha chanjo". Zitajipanga zenyewe. Usijenge mafolda ishirini, hakuna atakayeyafuata.

Nakala ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2, 1 ikae nje ya nyumba. Usifute kitu kwenye simu ya zamani kabla hujajaribu kufungua nakala.

Diski yenye nakala ikianza kutoa sauti ya kugonga-gonga, izime umpelekee fundi wa kuokoa data. Mambo ya wosia muulizeni wakili, na kamwe msitumiane nywila kwa meseji.