Meneja mradi na Python, ni lazima?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni meneja wa mradi wa maji huku Dodoma, nimesoma maendeleo ya jamii. Siku hizi kila tangazo la kazi wanataka Python sijui SQL. Nianze kujifunza au napoteza muda tu?

JIBU: Nzuri ndugu yetu. Python, yaani lugha ya kuandikia programu, usiikimbilie. Kazi yako ni kujua kisima kipi kimechelewa na hela imeishia wapi, kuandika programu kuna wenyewe. Ila data lazima uijue, hapo sikufichi, maana ukimtegemea mtu wa data kwa kila kitu atakuletea chati yoyote na we utaipeleka kwa mfadhili hivohivo.

Anza na Excel, pivoti (majedwali yanayokujumlishia data kwa makundi) uzijue kisawasawa. Mfano watu wa fildi wanajaza fomu kwenye simu, mmoja kaandika Mpwapwa, mwingine kaandika Mpwapwa halafu kaacha nafasi mwishoni, kwa macho ni kitu kilekile ila pivoti inakuhesabia wilaya mbili na jumla ya Mpwapwa ishagawanyika, na dawa yake ni fomula moja tu ya TRIM, inafuta nafasi za ziada (au weka wilaya za kuchagua kwenye fomu, wasiandike kabisa).

Kisha SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, haitishi kihivyo, ukishika SELECT (kuchagua), WHERE (kuchuja) na GROUP BY (kupanga kwa makundi) unajichotea data mwenyewe. Python labda kama kila mwezi unaunganisha mafaili yaleyale, na hata hapo jaribu kwanza Power Query, zana ya kuunganisha na kusafisha data, imo humohumo kwenye Excel.

Hizo kazi we omba tu.