Tundu linasomeka kubwa baada ya kubadilisha kijiti cha probu

SWALI: Mashine yangu ya CNC (inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta) ina probu ya kugusa, yaani kifaa kinachopima kwa kugusa kazi kwa ncha ya kijiti chake. Nimefunga kijiti cha mm 100 badala ya cha mm 50 ili nifike chini ya tundu refu. Tangu hapo kila tundu linasomeka kubwa kwa mm 0.015 kuliko geji ya mkono, na nikirudia napata jibu lile lile. Probu imekufa?

JIBU: Haijafa. Probu mbovu huwa na majibu yanayorukaruka. Yako inakosea kwa kiasi kile kile, na kosa la namna hiyo linafutika.

Ndani ya probu nyingi, springi hukandamiza vipini vitatu, kila kimoja kimelala juu ya vijipira viwili, na umeme mdogo unapita kwenye sehemu hizo sita za mgusano. Ni ubunifu wa David McMurtry, aliyekuwa Rolls-Royce mwaka 1972 akitafuta namna ya kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za Concorde. Sasa tazama kinachotokea kijipira cha rubi kilicho kwenye ncha ya kijiti kinapofika ukutani mwa tundu. Ishara haitoki papo hapo. Kijiti kinapinda kwanza, kisha springi inazidiwa, vipini vinaanza kunyanyuka, ukinzani wa umeme unapanda, ndipo mashine inajua imegusa. Muda wote huo mhimili wa mashine unaobeba probu unaendelea kutembea. Kijiti kirefu hupinda zaidi, na ndani ya tundu hupinda pande zote mbili, kwa hiyo kipenyo kinaongezeka. Mashine yako bado inasahihisha kwa hesabu ya kijiti kifupi.

Ukitaka uhakika, pima na nguzo ya duara unayojua kipenyo chake. Ikisomeka ndogo kwa karibu mm 0.015 ile ile, tatizo ni kalibresheni, yaani kurekebisha probu kwa kipimo kinachojulikana. Tundu likiwa dogo na nguzo kubwa, safisha: kuna chenga au kipozeo ukutani. Vyote viwili vikiwa vikubwa, shuku joto, kwani mita moja ya chuma cha pua au cha kawaida hutanuka zaidi ya mikroni 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Dawa yenyewe ni fupi. Weka saa ya kupimia (geji yenye mshale) kwenye kijipira, zungusha spindeli (sehemu ya mashine inayozunguka na kushika probu) kwa mkono, rekebisha mpaka kisiyumbe. Kisha kalibrisha kwenye pete ya kipimo, ambayo kipenyo chake kinajulikana, kwa kasi ile ile utakayopimia kazi. Hili la kasi mafundi wengi hulipuuza, halafu wanalaumu probu. Usiiguse pete kwa mwelekeo wa mhimili wa X peke yake: kwa kuwa vipini ni vitatu, nguvu ya kuvinyanyua hutofautiana kwa mwelekeo, na urefu wa kijiti huikuza tofauti hiyo.

Hifadhi namba za kalibresheni za kila kijiti peke yake. Kama unapima matundu marefu kila siku, nunua kijiti cha nyuzi za kaboni kisicho na viungio. Cha chuma chembamba cha urefu huo mimi singekifunga.