Ukitaka kucheza na tarakimu, anza na tatu

Wengi huonyeshwa 6174 kwanza. Unachukua namba ya tarakimu nne, zisiwe zote sawa, unazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, unatoa mpangilio wake wa kinyume, kisha unarudia. 3524 inakupa 5432 − 2345 = 3087, halafu 8352, halafu 6174, na hapo habanduki mtu. Hatua hazizidi 7. Aliyegundua jambo hili mwaka 1949 ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India.

Mimi nikifundisha tuisheni sianzii hapo. Mtoto akionyeshwa 6174 anashangaa, anajaribu namba mbili tatu, basi, anaomba mchezo mwingine. Nawapa tarakimu tatu, kwa sababu hapo kazi nzima inaisha kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Tazama. Ukitoa, tarakimu ya kati inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni 99 mara tofauti ya tarakimu kubwa na ndogo. Tofauti hiyo ni 1 hadi 9, kwa hiyo majibu ya hatua ya kwanza ni tisa tu: 099, 198, 297, mpaka 891. Fuata hayo tisa na umezimaliza namba zote. 099 inakwenda 891, 792, 693, 594, 495. Hapo 495 inajizaa yenyewe. Hukuamini maneno ya mtu, umeona mwenyewe.

Sifuri ya mbele usiitupe! 2111 − 1112 ni 0999. Ukiandika 999, hatua inayofuata ni sifuri na mchezo umekufa. Ukiibakiza, unapata 9990 − 0999 = 8991, na baadaye 6174 inafika kama kawaida.

Kwa wenye duka au vikoba, kuna faida nyingine. Namba ikipangwa upya, tofauti yake na ile ya awali hugawanyika kwa 9 daima. Daftari linasema 54,000, fedha mkononi ni 45,000? Tofauti ni 9,000, inagawanyika. Kabla ya kumshuku mtu, tafuta mahali tarakimu zilipogeuzwa wakati wa kuandika. Si ushahidi kamili, maana upungufu wa aina nyingine nao unaweza kugawanyika kwa 9, ila mimi huanzia hapo.

Baada ya hapo rudi kwenye tarakimu nne. Jibu la hatua ya kwanza ni 999 mara tofauti ya tarakimu za pembeni, jumlisha 90 mara tofauti ya zile mbili za kati. Namba 9,990 zinabaki majibu 54. Jioni moja inatosha kuyapitia yote kwa kalamu.

Tano ni habari nyingine. Hakuna namba moja ya kutulia. 53955 inazaa 59994, nayo 59994 inarudisha 53955, na kuna mizunguko mingine miwili. Itafute.