Muulize Shangazi: Mwenzetu yuko kwenye kimbunga, na siri yake iko kwetu

Shangazi shikamoo. Mimi ni admini wa grupu ya WhatsApp ya watu wenye kifafa na mama zao, wengi tuko Mombasa, wengine Kilifi na Kwale, na wachache wako ng'ambo. Kuna dada mmoja tunamwita Kilua, sio jina lake, alienda Marekani kufanya kazi ya kutunza wazee, yuko Asheville, North Carolina. Huyu ndo aliyekuwa nguzo yetu, mtoto wa mtu akishikwa usiku wa manane na mama yake akiandika pale, sisi sote tumelala, Kilua ndiye atakayejibu maana kwao bado ni jioni, atakaa na huyo mama mpaka mtoto azindukane. Sasa kimbunga Helene kimepita huko Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024 na tangu hapo hatuna habari yake. Voisi yake ya mwisho mvua yasikika nyuma, asema stima imepotea na maji yashajaa barabarani lakini yeye yuko ghorofa ya juu. Baada ya hapo kila tukituma ni tiki moja tu. Mmoja wetu kaona picha ya nyumba imebebwa na mto akaandika Innalillahi kwenye grupu, watu wakaanza kulia. Mwengine ataka kuposti picha yake Facebook aandike "ana kifafa, mwenye kumuona aseme". Shida ni kwamba wakweze wa Kisauni hawajui kama ana kifafa, na hata mumewe aliambiwa ni kizunguzungu. Nje ya grupu mimi namjua kaka yake peke yake, auza nguo Kongowea, lakini nikimwendea ataniuliza nilijuana vipi na dadake. Nifanyeje Shangazi? Nyumba haikaliki.
Admini, Bamburi

Marahaba mwanangu, na poleni nyote, hiyo barua nimeisoma mara mbili na moyo umenienda mbio. Siwezi kukuapia kwamba mwenzenu ni mzima, kimbunga hiki kimeua watu zaidi ya 200 na North Carolina ndiko walikokufa wengi. Lakini hiyo Innalillahi iondoe leo leo, na aliyeiandika mwambie kwa upole. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyepata simu ya jamaa, mlichonacho ni picha tu, na picha za siku hizi mnazijua, kuna ile ya mtoto wa kike analia ndani ya mashua amekumbatia kijibwa, imezunguka dunia nzima kwamba ni ya Helene, kumbe imetengenezwa na kompyuta. Na sasa kimbunga chengine, Milton, nacho kimepiga Florida tarehe 9 Oktoba, kwa hivyo picha za Florida zafowadiwa kama za Asheville na kinyume chake, mtu aweza kumlilia mwenzake kwa nyumba iliyoko mbali naye kabisa.

Hiyo tiki moja ndiyo inayowatia kiwewe, basi niwaambie maana yake. Ni kwamba ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake, basi, haisemi simu iko mikononi mwa nani wala mwenyewe yuko katika hali gani. Na kule Asheville kuna sababu nyingi za tiki moja kuliko hiyo mnayoiogopa. Mji ule uko milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, watu wake hawakuzoea kuogopa vimbunga. Helene kilitua Florida usiku wa tarehe 26 na upepo wa kilomita 225 kwa saa, kikapanda juu, na ardhi ya kule milimani ilikuwa ishalowa mvua ya siku za kabla yake, ndipo mito French Broad na Swannanoa ikafurika ikaingia mitaani. Barabara kubwa ya I-40 imemegwa na mto, mabomba makubwa ya maji ya mji yamekatika, nyaya za stima chini, nyaya za intaneti zinazofuata barabara zimeenda na barabara zenyewe. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini betri huisha na jenereta hutaka mafuta, na gari la mafuta lapita wapi? Mtu aweza kuwa mzima, simu ina chaji, na hapatikani. Wapo waliotembea au kuendesha gari masafa kutafuta pahali penye netiwaki wapige nyumbani waseme tuko hai.

Kwa hivyo kwanza acheni kumjazia ujumbe. WhatsApp hukuwekea ujumbe ambao haujafika mpaka siku 30, sasa fikiria watu wote wa grupu wamemtumia mavoisi na video na dua za picha, siku atakayopata netiwaki ya dakika mbili na chaji asilimia nne simu itashughulika kuvuta hayo yote badala ya yeye kuandika neno moja. Atume mtu mmoja, wewe, SMS ya kawaida sio WhatsApp, maana SMS hupenya hata netiwaki ikiwa dhaifu sana. Mwandikie fupi: "Uko salama? Jibu S tu. Dawa ziko?" Ukitaka kumfikia asubuhi kwao, tuma saa tisa alasiri yetu, kwao ni saa mbili asubuhi, twapishana saa saba.

Sasa kaka yake. Nenda Kongowea, mwanangu, nenda kesho. Nakuelewa wogopa nini lakini hebu angalia, wewe si ni rafiki yake? Sema hivyo. "Mimi ni rafiki wa dadako, twazungumza kwenye simu, tangu kimbunga simpati, nyinyi mwampata?" Hapo hujasema uongo hata wa tone na hujatoa siri yoyote. Akikuuliza mlijuania wapi, mwambie kwenye grupu ya kina mama ya kusaidiana, zimejaa tele Mombasa hii, hakuna atakayeshtuka. Na pengine utamkuta ashazungumza naye zamani! Nimeyaona haya, mtu akipata dakika moja ya simu humpigia mamake, hampigii admini, na nyumbani nao hawajui kuna watu wengine huko nje wanaokesha.

Ikiwa kaka naye hana habari, basi ndo mnahitajiana zaidi, kwa sababu milango mingi hutaka jamaa wa damu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina huduma ya kutafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwa vita au maafa, nao hufanya kazi na wenzao wa Marekani, apige 1199 ni bure, au aende ofisini kwao hapa Mombasa. Awe na jina kamili la kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya mwisho na jina la mwajiri. Hiyo ya mwajiri msiisahau, mtu anayetunza wazee mara nyingi kama wazee wamehamishwa naye kahamishwa nao, na ofisi iliyomwajiri yajua wamepelekwa wapi. Ubalozi wetu Washington nao aandikiwe. Na kama kuna mwanagrupu yeyote aliyeko Marekani, popote pale, huyo ndo wa kupiga simu kwa polisi wa kaunti kuomba waende wakabishe hodi nyumbani kwake, huwa wanafanya hivyo mtu akihofiwa. Nyinyi wa Mombasa msihangaike na 911, haitawafikisha kule.

Haya, siri. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Huyo anayetaka kuposti Facebook mzuie kabisa. Kifafa kwetu pwani bado watu wakiita mashetani, msichana akijulikana anaachwa, akiwa na kazi anafutwa, mtoto shuleni anatengewa kikombe chake. Kilua alipowaambia nyinyi aliweka amana, na amana haivunjiki kwa sababu mwenyewe hapatikani, hapo ndo yataka kulindwa zaidi kwa maana hayuko kujitetea. Akirudi salama akute ndoa yake ishavunjwa na wanaompenda? Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka habari za afya ya mtu kwenye fungu la mambo nyeti, sio la kumwaga ovyo.

Lakini pia siri isije ikamuua. Mwenye kifafa akikatikiwa na dawa ghafla ni hatari kubwa, degedege laweza kumshika likafululiza bila kuachia, na juu yake pana kukosa usingizi na hofu, vyote hivyo vyachochea. Kwa hivyo yule anayekwenda kumtafuta, yaani mtu wa Msalaba Mwekundu anayechukua maelezo, au polisi atakayebisha hodi, huyo aambiwe wazi: ana kifafa, atumia dawa fulani, kila siku. Huyo aijua kazi yake na hana habari na wakweze wa Kisauni. Yule mwanagrupu wa Marekani ndiye afikishe maneno hayo, na wewe huku ukizungumza na Msalaba Mwekundu sema mwenyewe, faraghani, kaka asiwe kando. Wengine waambiwe tu "ana dawa za kila siku". Dawa za kila siku nani hana, wa presha wako, wa sukari wako.

*

Shangazi, mimi niko grupu hiyo hiyo ya admini aliyekuandikia. Tulichanga pesa za Kilua kwa M-Pesa ziko kwa mweka hazina. Juzi kuna nambari ya ng'ambo imetuandikia, yasema ni muuguzi, Kilua yuko kwake hajitambui, tutume dola 300 za dawa ndo atuonyeshe picha. Wengine wasema tutume kwani pesa ni nini mbele ya uhai.
Kijana wa Likoni

Msitume hata senti, mwanangu, na hiyo nambari iblokiwe baada ya kuipigia skrinishoti. Marekani kituo cha hifadhi cha wakati wa maafa ni bure, anayeokoa haombi ada, na hata FEMA, lile shirika la serikali yao la maafa, halitozi mtu pesa kumsaidia. Hospitali ikimpokea mtu asiyejitambua yatafuta jamaa zake, haianzi na wanagrupu wa Likoni. Jambo linalonitia hofu zaidi ni hili, huyo mtu alijuaje kuna Kilua anayetafutwa? Kuna aliyefowadi nje ya grupu, au link yenu iko wazi mtu yeyote aingia. Admini afunge link, aangalie nambari zisizojulikana azitoe.

Pesa zenyewe zikae kwa mweka hazina, ziandikwe hadharani ni ngapi na nani katoa, na mkubaliane kabisa kama Kilua hazihitaji zitarudi kwa wenyewe au zitanunua dawa za watoto wa grupu. Mliamue saa hii mkiwa mna nia moja, msingoje mpaka watu waanze kuangaliana vibaya.

*

Shikamoo shangazi, kwani hiki kimbunga chaweza kuja Mombasa? Tuko Mtopanga na mvua kidogo tu maji yaingia ndani.
Mama wawili

Marahaba. Vimbunga vikubwa hutaka msokoto wa dunia ili vizunguke, na karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu, sisi tuko kama nyuzi 4 kusini kwa hivyo mara nyingi hutupita kando. Sio kwamba hatuguswi, kimbunga Hidaya mwezi wa Mei 2024 kilifika kisiwa cha Mafia kwa majirani zetu Tanzania na upepo wake na mawimbi tukaviona huku. Lakini kinachoingia nyumbani kwako ni mvua, kama ile ya Novemba 2023. Kama kuna wa kifafa nyumbani, dawa za akiba za wiki mbili zitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri zikae juu ya kabati, na karatasi ya daktari ipige picha umtumie dada yako anayekaa mtaa mwengine, ili simu yako ikilowa isipotee.

*

Shangazi naomba usicheke. Mimi nina miaka 19 na nina kifafa. Kilua ndiye aliyenifundisha kutoona haya. Tangu apotee silali, nakaa na simu mpaka saa tisa usiku kwa sababu najua kwao ni saa mbili usiku pengine ataingia. Jana nilianguka jikoni, sikumwambia mtu. Nahisi nikilala ni kama nimemuacha.
Binti wa Mji wa Kale

Siwezi kukucheka mwanangu, nimekaa na barua yako muda. Kumpenda mtu hivyo si upungufu. Lakini umeanguka jikoni, kwenye moto na mafuta, na umeficha. Kukosa usingizi ni katika mambo yanayoleta degedege haraka kuliko yote, Kilua mwenyewe lazima alikufundisha hilo, kwa hivyo kila usiku unaokesha unajiweka hatarini wewe, na yeye hapati faida yoyote, ujumbe wake ukija utaukuta asubuhi pale pale.

Admini wako nimwambie hapa hapa asome: pangeni zamu ya kuangalia simu usiku, na zamu hiyo washike wale wasio na kifafa, mama na ndugu, nyinyi wengine simu zenu zilale sebuleni. Zamu iwe ya watu wawili wawili, habari ikipatikana wataamshana wao kwanza na nyinyi mtaambiwa asubuhi. Na wewe kama kuna dozi uliyoikosa kwa kukesha huko, usiifidie kwa kumeza mbili pamoja bila kumuuliza daktari, rudi kwenye saa zako za kawaida, na kliniki usingoje tarehe yako, nenda wiki hii uwaeleze umeanguka.

Mapishi ya usiku wa leo apike mtu mwengine. Mwambie mamako kilichotokea jana, mwambie kabla ya Isha.