Filamu Yetu Ilikuwa Kwenye Kopo la Maziwa

Kamwene kutoka Kihesa, Iringa. Jumamosi iliyopita nilikuwa Mbeya, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi pale Soweto, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Watu 37 walikaa kwenye viti vya plastiki kuangalia filamu ya dakika 22 ambayo mimi na wenzangu wanne tuliipiga mwaka 2010 tukiwa chuoni. Niliwahesabu mwenyewe, mara mbili. Kabla ya hapo ilionyeshwa siku moja tu, ya mtihani, na mwalimu wetu akasema ni video ya harusi isiyo na bibi harusi. Darasa zima likacheka. Mpaka leo nawakumbuka waliocheka, na walipokuwa wamekaa.

Wengi mnaonisoma mna filamu ya namna hiyo, najua. Ya mradi wa mwisho, au ile mliyochangishana nauli mkaipiga wikiendi mbili. Iko wapi sasa hivi? Usiniambie "mwenzangu anayo."

Sisi watano tuliambiana hivyo miaka yote. Mimi nilijua anayo mhariri. Mhariri alijua ipo kwenye kompyuta ya chuo. Kompyuta ya chuo ilifutwa muhula uliofuata ili wadogo zetu wapate nafasi. DVD niliyojichomea mwenyewe ilikaa juu ya kabati, na siku nilipoitia kwenye deki ikazunguka, ikazunguka, ikaandika hakuna diski. Iliniuma, lakini niseme ukweli, kuna sehemu ya moyo iliyopata nafuu. Kisichoonekana hakichekwi.

Mwaka huu mpigapicha wetu akakumbuka kwamba kaseti alizipeleka kwao Tukuyu. Nikapanda gari. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Mama yake akanipokea, "Ugonile, mwanangu," akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, kaseti mbili za MiniDV, zile ndogo za kamera ya video. "Niliogopa panya," akasema. Ya tatu ilikuwa dirishani, wajukuu waliifanya gari.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikaanza na ile ya dirishani, kwa sababu ilikuwa na mwandiko wangu. Niliazima kamera kwa kaka mmoja wa Mafiati anayepiga harusi. Ukiinua kifuniko cha kaseti, ukingo wa utepe ulikuwa na weupe kama unga wa sembe. Nikaupuliza, nikaona inatosha. Ukungu ule ukahamia kwenye vichwa vya kamera, vile vinavyosoma utepe, picha ikakatika viboksi, kisha bluu tupu. Kuisafisha kamera ya watu kulinigharimu siku tatu na heshima yangu yote. Kaseti yenye ukungu haiingii kwenye mashine, jamani. Iweke kando mpaka umpate anayejua kuisafisha.

Zile za kwenye kopo nilizishika kwa adabu. Kwanza nikasukuma kile kiswichi cha ubavuni kwenda SAVE, zisije zikarekodiwa juu. Nikaipeleka kaseti mbele hadi mwisho, nikairudisha, ili utepe ulegee. Halafu waya wa FireWire mpaka kwenye kompyuta ya zamani ambayo bado ina tundu lake. Njia ya mkato hakuna: saa moja ya kaseti huhamishwa kwa saa moja, na faili linakula kama GB 13.

Nikakaa kuangalia. Dakika ya tisa anatokea mzee mmoja, baba mzazi wa dada aliyekuwa mhusika mkuu. Anasahau maneno yake, anaanza kumgombeza mbuzi anayetafuna boksi. Tulitaka kuikata sehemu hiyo, muda wa kuhariri ukaisha. Nyuma yake vinaonekana vibanda vya soko la Sido, Mbeya, kabla ya ule moto wa 2017 ulioliteketeza.

Jumamosi yule dada alikuja na binti yake wa miaka minane. Mzee alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mbuzi alipoanza kugombezwa, mtoto akauliza kwa sauti, "Kumbe babu alikuwa anaongea hivyo?" Tuliirudia sehemu hiyo mara tatu.

Sasa ushauri. Nakili. Ukishanakili, nakili tena: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ilale nyumba nyingine kabisa. Flashi si ghala. YouTube nayo inaibana picha, na WhatsApp ndiyo inaikamua kabisa. Andika nani aliigiza, nani alishika kamera, wapi, lini. Halafu nakili.

Na muziki. Tulipachika wimbo wa msanii mkubwa bila kumwomba, nani angetuuliza wanafunzi? Leo siwezi kuiweka filamu mtandaoni na wimbo ule bila kugombana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Charles Burnett wa Marekani aliimaliza filamu yake ya chuo, Killer of Sheep, mwaka 1977, na haki za nyimbo zikaizuia kuingia kwenye kumbi za sinema mpaka 2007. Kuzilipia kulifika dola 150,000. Yeye angalau chuo chake, UCLA, kiliitunza na kuikarabati. Chako je?

Vijana mnanunua lenzi ya milioni mbili, diski ya laki na nusu mnaona ghali. Mnalalamika kila kitu Dar, Nyanda za Juu Kusini hatuna kumbukumbu ya filamu zetu. Itoke wapi, wakati kila ukimuuliza mtu anakujibu mwenzangu anayo?

Yule mwalimu nilimtumia mwaliko. Hakuja. Mama wa Tukuyu amenipigia jana jioni. Habari za filamu hata hakuuliza, anataka kopo lake.