Barua kwa mwanangu Zuhura: Ukifika Oxford, vuka daraja

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na baba yako kile kikohozi kimemwacha. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mnakwenda Oxford siku tatu kwa mahafali ya shemeji yako, mkweo mnaye, na wewe unauliza: "Mama, wewe uliishi kule mwaka mzima. Tule wapi tusije tukalilia pesa zetu, na mama mkwe ale kwa roho safi?" Umeuliza la maana. Watu huuliza pa kulala na pa kupiga picha, chakula wanakiacha kijipange chenyewe, halafu saa nane mchana wamesimama barabarani na mzee mwenye kisukari hajala kitu.

Nianze na hili: usile pale unapopigia picha. Wiki yangu ya kwanza niliingia mkahawa mmoja katikati ya vyuo, jina sitalitaja, nikaagiza supu ya njegere. Ilikuja na moshi wake, kijani kizuri. Kijiko cha tatu nikakutana na kipande cha waridi, laini, chenye chumvi kali. Nguruwe. Kwenye orodha paliandikwa supu ya njegere, basi. Kwao kuitia nyama ile ni kama sisi kutia nazi kwenye maharage, nani atataja? Sikusema kitu. Nililipa nikatoka na njaa yangu, na machozi yalinitoka njiani, kwa sababu ugeni na njaa vikikutana ni vizito.

Kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza, wala usione haya. Wahudumu wamezoea, maana sheria ya kule inawataka waweze kukwambia kama chakula kina karanga, maziwa, samaki, mayai na vinginevyo vinavyodhuru baadhi ya watu, aina 14 kwa jumla. Nguruwe hayumo katika hizo 14, hivyo yeye mtaje wewe mwenyewe. Ulizia na mchuzi, na mafuta waliyokaangia chipsi, kwani wengine hutumia mafuta ya ng'ombe.

Basi la kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow litawashusha kituo cha Gloucester Green. Mkifika kati ya Jumatano na Jumamosi, uwanja wa pembeni una soko na vibanda vya vyakula vya nchi mbalimbali. Mkweo akae na mizigo, wewe zunguka uone kinachopikwa mbele ya macho yako. Siku hiyo hapo panatosha.

Kesho yake asubuhi mpeleke High Street akanywe kahawa. Hili nalitaka sana. Mwaka 1650 mtu mmoja anayekumbukwa kwa jina la Jacob, Myahudi, alifungua nyumba ya kahawa katika hoteli iliyoitwa Angel kwenye mtaa huo, na inahesabiwa kuwa ya kwanza Uingereza. Angel yenyewe ilibomolewa, na sehemu kubwa ya kiwanja chake sasa imekaliwa na jengo la mitihani la chuo kikuu. Lakini ng'ambo ya barabara kuna Queen's Lane Coffee House, inayojitambulisha kwa mwaka 1654. Neno lao la kahawa na letu yametoka kwa Mwarabu yule yule. Nilipojua hayo nilimkumbuka babu yako kibarazani na dele lake na vikombe visivyo na mkono, nikajiona si mgeni sana katika mji ule. Mkweo atapenda kusikia. Kashata tu ndiyo atakayoikosa.

Na hapo hapo jirani, namba 83, kuna kibao ukutani cha Sarah Cooper. Mwaka 1874 mama huyo alichemsha mamaledi, ile jemu ya machungwa, ikazidi mahitaji ya nyumbani, na mumewe Frank akaiuza dukani kwake. Ikaja kujulikana dunia nzima kwa jina la mji. Sasa sikiliza: machungwa yake si kama haya yetu matamu ya Muheza. Ni madanzi! Yale machungu tunayokamulia samaki, huko wanayachemsha na maganda yake pamoja na sukari, wanapaka kwenye mkate wa kubanika. Ukiuma unapata utamu kwanza, uchungu unafuata nyuma, na vipande vya ganda vinakwama kwenye meno. Wewe ipake kwa kisu kizima. Mkweo aonje kidogo tu, sukari yake unaijua.

Mchana nendeni Covered Market, soko la ndani ambalo lango lake liko mtaa huo huo. Lilifunguliwa mwaka 1774 ili kuondoa vibanda vilivyokuwa vimechafua barabara, na waliotangulia kuingia ni wauza nyama. Mpaka leo bucha zipo, na samaki, jibini, mboga, na vijimkahawa vidogo. Kuna duka la keki ambalo mafundi wake hukaa nyuma ya kioo, unawaona wanavyofinyanga maua ya sukari kwa vidole, ua moja baada ya jingine, hawainui kichwa. Nilikuwa nikisimama pale hadi miguu inauma. Fikeni saa sita, maana wengi hufunga mapema jioni. Kuleni supu na mkate, au viazi vya kuoka na maharage. Ni chakula chepesi cha heshima, na mtakaa na watu waliotoka kununua vitunguu vyao.

Jioni ndiyo vuka daraja. Linaitwa Magdalen, wao hutamka "Modlini", ukisema kama lilivyoandikwa hawatakuelewa. Ukilimaliza unafika mzunguko wa The Plain, shika Cowley Road. Hapa ndipo nilipoishi, chumba cha juu, dirisha linatazama barabarani. William Morris alianza kuunda magari Cowley mwaka 1913, na kazi katika mji ule zikaja kuvuta watu kutoka Karibi, Pakistani, Bangladeshi na kwingine, nao wakaja na vyungu vyao. Msikiti Mkuu uko kando ya barabara hiyo hiyo, Manzil Way, na mabucha na mikahawa ya halali si ya kutafuta kwa tochi. Nakumbuka mpishi mmoja akitoa mkate wa ajemi kwenye tanuri kwa vyuma viwili virefu, umevimba, una madoa meusi, akaupiga siagi ukalia. Nilimwambia kwetu tunao. Akaniwekea wa pili bure, akasema huo ni wa kwetu.

Sikutajii mkahawa mmoja kwa jina, kwa sababu mikahawa ya barabara ile hubadili wenyewe. Angalia mlangoni pana kibandiko cha usafi chenye namba kuanzia 0 mpaka 5. Hawalazimishwi kukibandika, ila aliyepata 5 haoni sababu ya kukificha. Kisha tazama nani anakula ndani. Ukiona familia zenye watoto na wazee, ingia.

Umeniuliza pia habari za pub. Si kama baa zetu, watu huingia na watoto wao mchana na kula, na Jumapili hupika nyama ya kuoka na viazi. Chakula huagizwa na kulipiwa kaunta. Lakini pombe ipo, na mkweo humjui moyo wake katika hilo mpaka umuulize. Mumeo akitaka kuiona moja, aende The Bear, kuna vipande vya tai za watu zaidi ya 4,000 kwenye makabati ya vioo ukutani. Atazame arudi.

Mkiletewa bili, isome mpaka chini. Wengi huongeza malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na huwa ni hiari, una haki ya kuomba waondoe. Mimi hulipa nikihudumiwa vizuri. Maji msinunue: kila mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywea humo humo sheria inawataka watoe maji ya bomba bure ukiomba, nayo ni safi.

Siku ya mahafali yenyewe meza ikamatwe mapema, hata wiki kadhaa kabla, maana familia zote hutoka Sheldonian, ukumbi wa mahafali, kwa pamoja na njaa moja. Jengo lile ni la miaka ya 1660, na mabenchi yake ya juu ni ya mbao ngumu. Omba mkweo apewe kiti cha sehemu ya chini asipande ngazi, na mtilie tende tatu na chupa ya maji kwenye mkoba.

Akupendaye daima,
Mama yako